Kuipa Kaunta Mgongo

Miaka ile ya mashifta, waasi waliopigana na serikali huko kaskazini mwa Kenya, nilikuwa opereta wa simu katika posta ya Isiolo. Nilikuwa msichana bado, nimeshuka kutoka Meru baada ya mafunzo, na nilikaa kwa dada yangu aliyekuwa ameolewa na dereva wa lori. Watu wengi wakitaja vita vile hutaja bunduki na ng'ombe waliouawa. Mimi vita nilivijua kwa masikio, nimekaa kwenye stuli ndefu, hedifoni kichwani.

Swichibodi ilikuwa kabati la mbao lenye matundu na vibati vidogo. Mtu akipiga simu, kibati chake kilianguka, nami nikachomeka waya, nikamuuliza anataka nani, kisha nikachomeka waya wa pili kwa yule anayetakiwa, nikazungusha mkono wa kengele. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Ugumu ulikuwa watu. Kaunta ya stempu ilikuwa nyuma yangu hatua chache tu, na kila aliyekuja kununua stempu alijiona ana haki ya kuniita. "Dada, hebu niangalizie barua." "Dada, ile simu yangu ya Nairobi imefika wapi?" Huku masikioni ofisa wa jeshi ananguruma kwamba anataka laini ya Nanyuki sasa hivi, na mwenye duka mmoja anapiga kengele mfululizo kama mtu anayefukuza kuku. Nilikuwa nageuka kumjibu huyu, namkata yule. Nilimwunganisha mkuu wa wilaya na duka la vitambaa. Siku moja nililia mbele ya watu.

Mkubwa wa posta alikuwa mzee kutoka upande wa Nyeri, kaptura yake ya kaki imenyooshwa vizuri, soksi hadi magotini. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ile niliyolia, alingoja watu watoke, akashika stuli yangu, akaigeuza nikaipa kaunta mgongo kabisa.

"Mtu wa kaunta ni wangu," akaniambia. "Mtu wa waya ni wako. Akikuita, inua kiganja hivi, usigeuke. Hata akiwa nani."

"Na jeshi likitaka laini inayotumika?"

"Mwambie asubiri. Akitukana, mwache atukane. Matusi hayakati waya."

Alinifundisha pia kwamba nikikatizwa katikati nisiendelee pale nilipoachia. Nitoe waya zote mbili, nirudi mwanzo, niulize upya. Nilidhani ni kupoteza wakati, lakini niliona makosa yakipungua. Na alinionya kuhusu kusikiliza. Opereta hana budi kusikiliza kidogo aone kama watu wawili wanasikizana. Wakishasikizana, afunge swichi yake na kutoka katika mazungumzo yao. Tulikula kiapo juu ya hilo. Lililopita masikioni mwetu halikuwa letu.

Basi nikajifunza. Miezi ikapita, nikaweza kuunganisha watu huku upepo wa Isiolo ukipiga mabati na vumbi likiingia chini ya mlango, na nje wanajeshi wakiteremsha watu kutoka kwenye lori na kuwapanga ukutani kuangalia vipande vyao vya utambulisho. Siku moja risasi zililia upande wa soko la mifugo na watu wote wakalala chini kwenye sakafu ya posta. Mimi nilikuwa na mtu wa hospitali kwenye waya. Nilikumbuka kulala chini baada ya kumwunganisha.

Lakini kile kipande kidogo cha kusikiliza kilinitesa. Katika pumzi mbili tatu kabla sijafunga swichi, niliyasikia mambo. Kwamba boma fulani limezingirwa. Kwamba ngamia wa watu fulani wamepigwa risasi wote wakiwa kisimani. Kwamba kuna maiti zinahitaji kuzikwa na hakuna anayekubali kuzigusa. Halafu swichi inafungwa na mimi nabaki na mwanzo wa jambo usio na mwisho wake. Jioni narudi nyumbani kabla ya kafyu, dada ananiuliza, "Kuna habari gani huko?" Nasema, "Hakuna."

Shemeji yangu alikuwa mtu mrefu wa kicheko kikubwa. Alipeleka unga, sukari na majani ya chai Garbatulla, kwa lori la mwenye duka mmoja wa mjini. Njia ile ilikuwa mbaya hata wakati wa amani. Wakati wa mashifta hakuna lori lililokwenda peke yake. Alikwenda na mwenzake, dereva Mborana, mwenyeji wa upande ule wa kaskazini, kimya, mcha Mungu, mtu wa kutembea na kikombe chake cha bati. Malori mawili, na askari wa kuwasindikiza juu ya mizigo. Walikuwa marafiki wa kweli. Mke wa yule Mborana aliuza maziwa mjini, na asubuhi alipitia kwetu, akabisha hodi, "Salaam aleikum, mama," na dada yangu Mkristo akamjibu "Aleikum salaam" bila kufikiri, akampokea kibuyu. Waliitana mama na mama. Watoto wao walicheza pamoja vumbini.

Siku hiyo malori yalitarajiwa kurudi. Ilikuwa karibu adhuhuri, kibati cha polisi kikaanguka. Sauti ya inspekta niliijua, lakini siku hiyo ilikuwa imepanda juu.

"Nipe D.C., haraka."

Nikachomeka. Mkuu wa wilaya akajibu. Nikasikiliza kama wanasikizana.

"Bwana, redio ya Garbatulla imesema lori la mbele limekanyaga bomu njiani. Dereva amekufa. Askari wameumia vibaya, wengine..."

Walikuwa wanasikizana. Nikafunga swichi.

Mkono wangu ulibaki juu ya ile swichi. Malori mawili, madereva wawili. Nani hutangulia? Nilikuwa nimekaa nyumba moja na shemeji tangu nifike Isiolo, na sikuwahi kumwuliza jambo hilo. Kibati cha hospitali kikaanguka, hata sikupata nafasi ya kufikiri. Hospitali ilitaka Nanyuki, ndege ije na daktari. Jeshi nalo likataka Nanyuki. Polisi wakataka hospitali. Laini ya kupanda juu ilikuwa moja tu, na siku hiyo ilikuwa inakwaruza, sauti inakuja na kupotea. Nilikuwa najibizana na opereta wa Nanyuki, kila neno narudia mara kadhaa.

Ndipo nikasikia sauti ya dada nyuma yangu.

"Mdogo wangu."

Niliinua kiganja. Sikugeuka.

"Mdogo wangu, sokoni wanasema kuna kitu kimetokea njia ya Garbatulla. Umesikia nini?"

Mkubwa wa posta akamjibu kabla sijajua nifanye nini. "Mama, hapa hatujaletewa habari yoyote. Keti hapo kwenye benchi. Mwache afanye kazi."

Nikamsikia akiketi, mtoto akilalamika mgongoni kwake. Muda mfupi baadaye mlango ukafunguliwa tena, na harufu ya moshi wa kibuyu cha maziwa ikaingia kabla ya sauti. "Salaam aleikum." Alikuwa mke wa yule Mborana, naye ameyasikia ya sokoni. Akaketi karibu na dada. Nilijua bila kuangalia kwamba wamekaa wamegusana mabega, maana benchi lenyewe lilikuwa fupi.

Wanawake wawili wameketi nyuma ya mgongo wangu, na mmoja wao ni mjane tayari, na hajui. Na mimi sijui ni yupi. Niliomba Mungu, na ombi langu sitaliandika hapa. Yeyote anayefikiri kidogo atalijua.

Opereta wa Nanyuki alikuwa ananiambia nisubiri, anatafuta mtu wa ndege. Katika kusubiri huko masikio yangu yalikuwa wazi. Sikutaka kuwasikia wale wawili, lakini hedifoni ilikuwa kimya.

"Usiogope, mama," mke wa Mborana alikuwa anasema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Watu ya soko inasema tu. Kila siku inasema."

"Ni kweli," dada akasema. "Wiki ile nyingine pia walisema."

"Wangu anasema wako ana haraka sana. Yeye inabaki nyuma, inafuata tu."

Dada akacheka. Nakumbuka kicheko kile kuliko kitu chochote cha siku ile. "Huyo wangu hawezi kula vumbi la mtu mwingine. Lazima atangulie. Tangu tuoane ni hivyo."

Nilikuwa nimeshika waya mkononi. Nikaona tundu linaongezeka, yakawa matundu mengi. Sauti masikioni ikasema, "Isiolo, upo? Isiolo?" na sikuweza kukumbuka nilikuwa namwunganisha nani na nani. Nilitoa waya zote mbili. Nikarudi mwanzo.

"Nanyuki, hapa Isiolo," nikasema. "Hospitali ya Isiolo inaomba ndege. Majeruhi wa bomu. Tuanze tena."

Mkubwa wa posta alikuwa ameona. Alikuja akainama kando yangu kama anayeangalia waya, akasema kwa sauti ndogo, "Ni nani?"

"Shemeji."

Niliona mkono wake umeshika pembeni mwa swichibodi. "Nikushikie?"

Alijua kazi, lakini masikio yake yalikuwa ya mzee, na laini ya siku ile ilihitaji masikio. Nyumbani kwao waliwahi kumtania kwamba huitikia majina yasiyo yake. Kule njiani, au juu ya lori la pili linalokuja mjini, kulikuwa na askari wanaovuja damu, na ndege ilikuwa bado haijakubaliwa. Nikatikisa kichwa.

"Basi usigeuke," akasema. Halafu akaenda akasimama katikati, kati ya benchi na stuli yangu, mikono nyuma, kama anayekagua ofisi. Alisimama hapo muda mrefu. Watu wa stempu walingoja.

Jeshi likaingia tena kwenye laini. "Kata hospitali," ofisa akasema. "Hii ni amri."

"Subiri, bwana. Hospitali inaongea."

Akanitukana mimi na mama yangu na mlima niliotoka. Sikukata. Ndege ikakubaliwa. Nikampa laini yake, akaendelea kunitukana hata alipokuwa ameshapata anachotaka, mpaka mtu wa Nanyuki akamwuliza anamtukana nani.

Hivyo ndivyo mchana ule ulivyokwenda. Kibati kinaanguka, nachomeka, nauliza, nazungusha. Mtoto wa dada alilia, akanyonyeshwa, akalala. Dada aliniita mara nyingine, "Mdogo wangu, hata kidogo tu?" Nikainua kiganja. Hakuniita tena.

Habari yenyewe ilikuja kwa miguu. Askari wa polisi aliingia, akavua kofia, akauliza kama mke wa dereva fulani yuko hapa, maana nyumbani amemkosa. Alitaja jina la shemeji. Wakati ule nilikuwa na hospitali upande mmoja na polisi upande mwingine, majeruhi wamefika na wanatafutwa watu wa kutoa damu. Nilisikia benchi likianguka. Nilisikia sauti ya dada, ile ambayo mtu huitoa mara moja katika maisha. Nilingoja wasikizane wale wa kwenye waya. Waliposikizana nikafunga swichi, na mkubwa wa posta mwenyewe akanivua hedifoni kichwani.

Nilipogeuka, dada alikuwa sakafuni, mke wa Mborana amemshika kifuani kwake, kibuyu kimepinduka na maziwa yanatambaa kuelekea mlangoni. Dada aliniangalia mimi, hakumwangalia askari.

"Ulijua," akasema.

Nikashuka kwenye stuli.

"Ulijua tangu nilipoingia."

Nikapiga magoti kando yao, na mkono wangu akauondoa begani mwake, taratibu tu, kama mtu anayeondoa jani.

Lori la pili lilifika na majeruhi, lakini dereva wake hakuonekana nyumbani kwake. Alikuwa ameshikwa. Wanajeshi walisema, huyu Mborana alijuaje kubaki nyuma? Waliipekua nyumba yake, wakamwaga unga sakafuni, wakachana magodoro. Askari waliookolewa walieleza kwamba yeye ndiye aliyewavuta kutoka kwenye moto, lakini maneno yao hayakufika mbali.

Asubuhi iliyofuata mke wake alikuja matangani. Alisimama nje ya ua, shuka kichwani, hakuthubutu kuingia. Majirani zetu wa kutoka Meru walikuwa wamejaa, na mmoja wao, mwanaume muuza miraa, akampigia kelele.

"Toka hapa! Si nyinyi mliomuua? Mnalala na mashifta, halafu mnakuja kutulilia!"

Dada alisikia kutoka ndani. Hakuwa amekula wala kulala. Alitoka na kanga yake begani, akawapita wanaume wote, akamshika yule mwanamke mkono. "Huyu ni mgeni wangu," akasema. Kisha akauliza, "Wamempeleka wapi?"

Wakaenda wote wawili hadi stesheni ya polisi, mimi nikafuata nyuma na mtoto. Ofisa aliyekuwa zamu alikuwa kijana, amechoka, macho mekundu.

"Mume wangu ndiye aliyependa kutangulia," dada akamwambia. "Kila safari. Hakutaka kula vumbi. Huyu mwenzake hajawahi kuwa mbele. Andika hivyo."

"Mama, pole sana. Nenda ukamlilie mumeo."

"Nitamlilia. Wewe andika kwanza."

Hakuandika. Dada alisema tena, kwa sauti ileile, kisha tena, na ofisa akainuka akaenda chumba cha ndani na hakurudi. Tulikaa pale mpaka wanaume wakaja kutuita, gari la kupeleka maiti Meru limefika.

Yule dereva alikaa kizuizini miezi mingi. Alipotoka alikuwa amebaki mifupa na kikohozi, na hakushika usukani tena. Mke wake alikuwa ameshahamishiwa kwenye manyatta, kijiji cha kuchungwa na askari, huko Garbatulla, ndani ya miba na waya, pamoja na ndugu zake, na mifugo yao yote ilikuwa imekwisha. Mumewe alimfuata huko. Nilipata habari hizo kwa mtu aliyetoka upande ule. Sikuwaona tena.

Mimi nilipewa ruhusa ya kuzika tu, nikarudi kazini. Dada alibaki Meru kwa wakwe zake na hakurudi Isiolo isipokuwa kuchukua vyombo. Siku hiyo ya vyombo niliomba saa moja kwa mkubwa wa posta, nikaenda kumsaidia kufunga. Tulikunja mablanketi. Mwishoni akasema, "Ulinipa mgongo."

"Dada, kulikuwa na watu wanavuja damu."

"Najua. Wanawake wa wale askari walikuja Meru kunishukuru, wakisema mdogo wako ndiye aliyeita ndege. Najua yote." Akafunga kamba ya mzigo, akaivuta kwa meno. "Lakini ulinipa mgongo."

Kwa muda mrefu sikupata likizo ya kwenda kumwona. Nilipokwenda, vita vilikuwa vinaelekea kwisha, ingawa sisi hatukujua. Nilimkuta jikoni anamenya nduma. Akanisogezea kisu, nikaketi, tukamenya pamoja. Mvua ilikuwa inanyesha, kitu ambacho Isiolo nilikuwa nimekisahau. Baada ya muda akauliza, bila kuinua macho:

"Siku ile kwenye simu. Walisema aliteseka?"

Ningeweza kumwambia hapana. Kila mtu angeniambia niseme hapana.

"Sikusikia, dada. Nilisikia kwamba dereva wa mbele amekufa, nikafunga swichi. Tulikatazwa kusikiliza zaidi."

Alimenya nduma ile mpaka ikaisha, akaitia majini. "Yule mwenzake aliniletea maneno kwa mtu," akasema. "Anasema alipofika mlangoni mwa lori alimkuta ameshakwenda. Nilitaka kujua kama maneno yenu yanafanana." Akachukua nduma nyingine. "Wewe hujawahi kujua kusema uongo. Nimekuwa nikifikiria hilo."

Kisha akaniambia nimwinulie sufuria, maana mgongo ulikuwa unamuuma, na watoto wakaingia wamelowa.

Nilikaa kwenye swichibodi ile mpaka njia zikafunguliwa na malori yakaanza kwenda bila askari. Kisha nikahamishiwa Nanyuki, nikaolewa huko. Dada alikuja harusini na watoto wote. Alikaa mbele, akala, akacheza kidogo na wanawake wa upande wetu, na akaondoka mapema kwa sababu ya ng'ombe wake wa maziwa, aliyekuwa karibu kuzaa.